Chandarua cha Wageni na Watoto

Dada yangu aliugua malaria katika mji usio na malaria, na chanzo chake ni kwamba alikataa kuonekana mgeni nyumbani kwa mama yetu. Nikisimulia hivyo watu hudhani natia chumvi. Sitii. Mimi ni mtu wa maswali tangu utotoni, na maswali hayo yamenikosanisha na walimu, na padri, na mume niliyekuwa naye, kwa hiyo nikisema jambo ujue nimeshalichimba mpaka nimechoka.

Sisi ni watoto wa Ifakara, bonde la Kilombero, nchi ya mpunga na mbu. Dada ndiye aliyetangulia Guangzhou, zaidi ya miaka kumi iliyopita, na mimi nikamfuata baadaye alipoona kazi imemzidi. Tunanunua jinzi Xintang, kitongoji cha karakana za nguo, tunazifunga marobota, tunazipakia kwenye kontena pamoja na mizigo ya Watanzania wenzetu, na zinauzwa Morogoro na Dodoma. Tunaishi nyuma ya Barabara ya Zhanxi, ghorofa ya juu kabisa, ambapo tangu alfajiri unasikia mikokoteni ya mizigo ikigongana na wenyewe wakitukanana. Dada amenizidi umri, amenizidi akili ya biashara, na kwa ubishi hana mpinzani Guangzhou nzima.

Mwaka ule alikwenda nyumbani mwezi mzima. Safari zake za nyuma zilikuwa za Dar es Salaam: anatoa mzigo bandarini, anapanda basi kumsalimia mama siku mbili za kiangazi, anageuza. Mara hii mdogo wetu wa kiume alikuwa anaoa, na harusi ilipangwa mpunga ukishavunwa, wakati madimbwi bado yamejaa kila mahali na mbu wanaanza kazi jua likizama tu. Mimi nilibaki kuangalia oda.

Hapa lazima nieleze utaratibu wa nyumba yetu. Wahudumu wa afya hupita, hugawa vyandarua, na husema kila mtu alale ndani yake. Mama huwasikiliza kwa adabu zote, huwapa maji ya kunywa, kisha wakiondoka hugawa kwa akili yake mwenyewe: vyandarua ni vya watoto, wajawazito na wageni. Watu wazima wa nyumbani mbu wameshawazoea, ndivyo anavyosema. Jioni mama hupita kitanda hadi kitanda akiwachomekea watoto chandarua chini ya godoro, pande zote, huku akiwagombeza wasichezeshe miguu. Mgeni naye huoneshwa kitanda na chandarua chake, akajichomekea mwenyewe.

Basi dada alipofika, mama akamtundikia chandarua kipya, cheupe, bado kina mikunjo ya mfukoni. Dada akakitazama. Akamuuliza mama, "Hiki cha nani?" Mama akasema cha kwake. Dada akapanda juu ya kitanda na viatu vyake vya safari, akakifungua, akakikunja, akampelekea mtoto wa jirani. "Mimi nimezaliwa kwenye chumba hiki," alimwambia mama. "Unanitundikia neti kama mzungu wa misheni?" Alipokuwa ananisimulia kwenye simu alikuwa anacheka, anajisifu, na mimi nilicheka pia. Lakini nilimjua dada yangu. Kilichomuuma ni kwamba wifi mpya, mchumba wa mdogo wetu, alikuwa amemkaribisha sebuleni, akamletea soda kwenye sinia, akamwita mgeni wetu kutoka China.

Alirudi Guangzhou mwenye furaha, na begi la dagaa na sembe, na kama kawaida ya Watanzania wote wa huku, pakiti za dawa ya mseto. Dawa ya malaria hatuiachi. Mwenzetu akipata homa, mtu anatafuta kwenye begi, anampa vidonge kadhaa, homa ikishuka vinavyobaki vinarudi begini kumsubiri mwingine. Hakuna anayemaliza dozi. Kumaliza dozi huku ni uchoyo.

Kama wiki mbili baadaye akaanza kuumwa kichwa. Tulisema ni hali ya hewa, maana joto la Guangzhou likichanganyika na mvua linakaa kifuani. Nilimletea chai ya mitishamba ya kwenye viduka vya kona, ile nyeusi, chungu kuliko shubiri, ambayo Wakantoni wanakunywa wakisema inatoa joto la ndani. Akainywa huku ananitukana. Siku ya pili akatetemeka mpaka kitanda kikawa kinagonga ukuta. Akajua mwenyewe, nami nikajua. "Malaria ya kwetu hii," akasema, karibu na fahari. "Naijua. Inalaza siku moja." Akameza mseto kidogo, akaweka mwingine.

Nilimburuta mpaka kliniki ya mtaani. Wakampima koo, wakamuuliza kwa simu ya kutafsiri kama amesafiri karibuni. Akatikisa kichwa. Nilimkata jicho, naye akanikata la kwake. Aliogopa wakijua ametoka safari watamfungia karantini, na oda yetu ya Xintang ilikuwa inatakiwa kukaguliwa wiki ile. Wakampa dawa ya mafua. Kesho yake homa ikashuka, akaoga, akapaka mafuta, akaniambia, "Umeona? Mimi ni mtoto wa Kilombero bwana." Tukaenda Xintang.

Laoban wetu, yaani bosi mwenye karakana inayotushonea, ni mwanamke wa makamo mwenye sauti kubwa. Dada alikuwa anakagua mishono, pindo kwa pindo, kisha nikaona ameacha kukagua na anaishika ile suruali tu. Akaketi juu ya robota. Midomo yake ilikuwa imebadilika rangi. Akatapika pembeni ya mashine, akajaribu kuomba radhi, maneno yakamtoka ya Kindamba, lugha ya bibi yetu ambayo sijamsikia akiitumia tangu tuko wadogo. Laoban akamgusa paji la uso, akauondoa mkono haraka, akamletea maji ya moto, maana huku kwa ugonjwa wowote unaletewa maji ya moto.

Nikampigia simu binti mmoja wa Tanga, mwanafunzi wa udhamini aliyekuwa anasomea uzamivu wa kinga ya mwili, ambaye alizoea kuja kwetu mwisho wa wiki kula ugali wa sembe halisi. Nilikuwa simjui mtu mwingine wa kumuuliza.

"Anti karudi lini kutoka nyumbani?" akauliza.

Nikamwambia.

"Kalala bila chandarua?"

"Kakigawa."

"Dada, hebu nisikilize. Hiyo si ya kusubiri. Mpelekeni hospitali kubwa sasa hivi, na mkifika, kabla hawajauliza lolote, waambieni katoka Afrika na waangalie malaria kwenye damu. Semeni nyinyi. Wao haitawajia."

Laoban alitupeleka kwa gari lake, marobota ya jinzi nyuma, dada kanilalia mapajani. Tulipofika nilisema neno malaria kwa kila lafudhi niliyoijua mpaka likaeleweka. Wakachukua damu. Muda si mrefu daktari aliyekuwa zamu, mwanamke kijana, akarudi na wenzake, macho yamewatoka, wanaongea kwa haraka. Nadhani ugonjwa ule walikuwa wamekutana nao vitabuni zaidi. Hawakujifanya wajuaji, waliita mkubwa wao, na mkubwa wao akawaita wengine, na dawa ikaanza kuingia kwenye mshipa. Kisha daktari akaandika kwenye simu yake ikasoma kwa Kiingereza: wadudu ni wengi mno, figo zimeanza kuathirika, siku mbili hizi ndizo zitakazoonesha.

Niliketi kwenye benchi na laoban, ambaye sikumwomba akae na hakuondoka. Alikuwa amekunja mikono ya shati mpaka begani. Juu ya bega lake la kushoto niliona kovu dogo la duara. Nikalijua papo hapo, nikapandisha mkono wa blauzi nikamwonesha langu, la bega la kulia: chanjo ya kifua kikuu ya utotoni. Akalitazama, akaligusa kwa kidole, akacheka kwa mshangao. Watoto wawili wa nchi mbili, wamechomwa sindano ile ile kabla hawajajua kusema. Sikujua kwa nini jambo dogo lile lilinipa nguvu, lakini lilinipa.

Nilimpigia mama. Hakuamini. "Malaria? Huyo? Si alishaugua zote akiwa mdogo?" Na kweli. Nakumbuka dada akiwa na miaka kama sita, bandama limevimba mpaka tumbo linakwenda upande, anachoma moto siku nzima, na jioni yuko nje anaruka kamba. Watoto wengine wa mtaa wetu hawakuamka. Yeye aliugua na kuamka, akaugua na kuamka, mpaka ikafika mahali malaria ikawa kwake ni kichwa kuuma na kukosa hamu ya kula. Sasa mtu huyo huyo alikuwa amelala na mipira mwilini hanijui. Nikawa najiuliza: amekosa nini sasa alichokuwa nacho akiwa na miaka kumi?

Binti wa Tanga alikuja jioni ile na kesho yake na keshokutwa yake, na mimi nilimhoji kama polisi. Kuuliza ndiko kulikokuwa kunanizuia kulia. Naye, Mungu ambariki, alijibu yote, tukiwa tumesimama kwenye dirisha la korido, na chini wafanyakazi wa mtaa wakimwaga maji yaliyosimama kwenye visahani vya maua, maana huku nako mbu wapo, ila hawa wanaogopwa kwa homa ya dengi.

Nilianza na ngozi. Akasema ngozi ndiyo ukuta, na ukuta wetu ni mzuri, pamoja na makamasi, machozi na tindikali ya tumbo, vyote vinaua wadudu kila siku bila sisi kupewa taarifa. Lakini mbu hutoboa ukuta na kuwaingiza wadudu wa malaria moja kwa moja. Wakishaingia hukimbilia kwenye ini, hujificha humo wakizaliana, na mgonjwa hana habari.

"Ndiyo maana alirudi anacheka," nikasema.

"Ndiyo. Alikuwa nao tayari kwenye ndege."

Nikauliza walinzi walikuwa wapi. Akaniambia zipo chembe nyeupe za damu zinazozunguka mwilini zikimeza kila kigeni zinachokutana nacho, hizo hazichagui, na ndizo za kwanza kufika. Zikimeza, zinapeleka kipande cha adui kwenye matezi, ile mitoki inayovimba shingoni na kwapani. Huko kuna chembe za aina nyingine, nyingi kuliko watu wa duniani, kila moja imezaliwa na umbo lake moja inaloweza kulishika na si jingine. Kipande kinapitishwa mpaka kikutane na ile moja inayolingana nacho. Ikishakutana nacho inajizaa, maelfu kwa maelfu. Nyingine huua seli zilizovamiwa, nyingine hutengeneza kingamwili, vitu vidogo mno vinavyomng'ang'ania adui asipate pa kushika, na kumtia alama ili amezwe.

"Subiri," nikasema. "Unaniambia mwilini mwangu kuna chembe inayomsubiri mdudu ambaye sijawahi kukutana naye?"

"Pengine haitakutana naye mpaka uzeeni. Inamsubiri hivyo hivyo."

Nimeishi na mwili huu miaka yote nikiulalamikia miguu na mgongo, kumbe una subira kunizidi.

Nikauliza juu ya joto. Akasema joto ni letu. Chembe za kumeza zikizidiwa hutoa kemikali zinazofika kwenye ubongo, na ubongo wenyewe ndio unaopandisha joto, kwa sababu wadudu wengi wanataabika kwenye joto na walinzi wanachangamka. Ule mtetemo wa kitanda kugonga ukuta ulikuwa ni misuli ya dada inatafuta moto. Tatizo ni kwamba wadudu wa malaria wakitoka kwenye ini huhamia chembe nyekundu za damu, na wanapozipasua kwa mkupuo mmoja, kelele inakuwa kubwa mno, na mwili unaweza kujiumiza katika kupigana. Nikaikumbuka ile chai chungu ya kutoa joto niliyomnywesha, nikawaza kwamba Wakantoni na ubongo wa dada walikuwa wanavutana upande huu na huu.

"Na kwa nini hizo chembe nyekundu zinakubali kukaliwa?"

Hilo lilimfurahisha. Akasema seli nyingine ikivamiwa huweka kipande cha adui nje kwenye ngozi yake, kuomba iuawe pamoja na mgeni wake. Chembe nyekundu haiwezi. Haina kiini, ni mfuko wa kubeba hewa tu, haina namna ya kupiga yowe. Mdudu anakaa humo kwa raha. Kinachomtisha ni bandama, ambalo huchuja chembe zilizochakaa. Ili asipite huko, huitokezea chembe yake vikulabu vya kunatia kwenye kuta za mishipa. Vikulabu hivyo ndivyo kingamwili inavyoweza kuvitambua, na ikivitambua tu, mdudu anabadilisha vikulabu vingine.

"Anabadilisha nguo," nikasema.

"Ana kabati zima la nguo. Mtoto wa Kilombero hujifunza nguo moja baada ya nyingine, kila homa nguo mpya. Akiwa mkubwa anazijua nyingi, kwa hiyo mdudu akiingia anapata shida, hashambulii sana. Lakini hiyo kinga inadumu kwa kukumbushwa. Kila msimu wa mvua mbu wanaukumbusha mwili. Anti amekaa huku miaka yote hiyo, hakuna aliyemkumbusha. Sasa mwili wake, kwa malaria, umekaribia kuwa kama wa mtoto mdogo. Unaanza upya."

Nikambana: mbona surua ukiugua mara moja mwili hauisahau mpaka kufa, kwa nini malaria unaisahau? Akacheka. Akasema surua haibadilishi nguo, hiyo ni sehemu ya jibu, na sehemu nyingine ndiyo hiyo aliyopewa udhamini kuitafuta, na hata mwalimu wake hana jibu kamili. Nilimpenda zaidi kwa hilo. Watu wengi nimewauliza maswali maishani wakanijibu vitu wasivyovijua.

Siku ya tatu dada akafumbua macho akauliza oda imefika wapi. Nililia nikamfokea kwa pamoja. Daktari kijana alikuja kutuonesha picha aliyoipiga kupitia hadubini: chembe za damu ya dada, za duara, na ndani ya nyingine kuna vipete vidogo vya zambarau, kila kipete na kijiwe chake. Vilikuwa vizuri, na hilo liliniudhi. Dada aliitazama picha muda mrefu kama anayetafuta sura ya mtu anayemjua. Kisha binti wa Tanga akamwambia kwamba dawa iliyomwokoa, pamoja na ule mseto, imetokana na mmea wa hapa hapa China, wa jamii ya pakanga. Dada akacheka mpaka akakohoa. "Yaani mimi nimebeba dawa ya Wachina kutoka Ifakara kuwaletea Wachina?"

Lakini alipoelezwa habari ya mwili kusahau, hakucheka. Alisikiliza yote, kisha akauliza, "Kwa hiyo hata damu yangu imekuwa mgeni kwetu?"

Binti wa Tanga alijaribu kueleza vizuri zaidi, kwa upole, na kila neno likawa linazidi kuharibu. Dada akageukia ukutani. Niliona mabega yake. Mtu huyu hakulia kwenye mazishi ya baba, alikuwa anahesabu masufuria. Sasa alikuwa analia kwa sababu ya kingamwili. Nilitaka kumkumbatia na nilitaka kumpiga kofi, na sikufanya lolote, nilikaa tu nimemshika mguu juu ya shuka.

Alipona taratibu. Alikuwa mkimya, na ukimya wake ulinitisha kuliko ubishi. Mama alimpigia kila siku akimwambia aje tena mvua zikiisha, na yeye anajibu kazi nyingi. Wifi alituma salamu, hakujibu. Nilimwambia waziwazi, "Utaacha kwenda kwetu kwa sababu ya mbu?" Akasema, "Siendi mahali pa kutundikiwa neti." Mseto uliobaki aliufunga kwenye mfuko akaupeleka hospitali, akawaambia wenzetu wote kwenye kundi la simu kwamba atakayegawana dozi na mwenziwe asimtambue tena. Hapo nikajua ubishi unarudi.

Kisha tukaenda Xintang kwa laoban, kumshukuru na kuweka oda nyingine. Lazima ujue karakana zile zinavyofanya kazi. Ukipeleka suruali mpya kwa mara ya kwanza, wanaifumua yote, wanachora kila kipande kwenye karatasi ngumu ya kahawia, wanakata, wanashona sampo, yaani suruali ya mfano, inakosewa, wanarekebisha, unasubiri mpaka unakasirika. Lakini vile vipande vya karatasi wanavitoboa na kuvitundika kwenye ndoano ukutani. Mara ya pili unapiga simu tu, unasema ile ile, na siku hiyo hiyo kitambaa kiko mezani.

Dada alikuwa anataka jinzi moja ya zamani, pana, yenye mifuko ya pembeni, ambayo Morogoro waliipenda sana miaka yake ya mwanzo. Aliikumbuka akiwa kitandani hospitali, nadhani. Akamwambia laoban aitoe.

"Meiyou," akasema laoban. Hakuna.

Dada akampeleka ukutani, akaanza kufunua ndoano moja moja, na laoban nyuma yake anaeleza kwa sauti ile ile kubwa. Hakuna aliyeiagiza miaka yote hiyo. Ndoano zinatakiwa kwa kazi za wengine. Karatasi alizitupa. Hakuwa na hasira wala aibu, alishangaa tu kuulizwa. "Lete moja," akasema. "Nitakata upya. Mara ya kwanza itachelewa. Baadaye itakwenda."

Dada alisimama pale mkono wake ukiwa bado kwenye ndoano. Mimi sikusema kitu, na anayenijua anajua hiyo ilikuwa kazi ngumu. Tukarudi kwa treni ya chini ya ardhi. Vituo kadhaa vilipita.

"Yule binti alisema unaanza upya kama nini?" akauliza.

"Kama mtoto mdogo."

"Kama mtoto," akasema. Akaegemeza kichwa kwenye kioo.

Mwaka uliofuata alikwenda. Hakuniaga kwa maneno mengi. Alianza kumeza dawa ya kujikinga aliyopewa na daktari, akabeba iliyobaki asiruke hata siku moja, akapanda ndege. Kesho yake ya kufika Ifakara, mimi nilikuwa katikati ya Zhanxi saa za mchana, nimesimama na robota langu kwenye njia, mwenye mkokoteni nyuma yangu ananipigia kelele nisogee, na simu ikaita. Huko kwetu ilikuwa asubuhi, kuku wanasikika. Mama ndiye aliyeishika simu, ameielekeza kwenye dari kama kawaida yake, nikawa naona boriti na nusu ya kilemba.

"Mama, geuza simu."

Akaigeuza. Niliona kitanda cha chumba kile tulichozaliwa, na chandarua cheupe kimeshuka kimekazwa, kimechomekwa pande zote, na ndani yake dada yangu amejikunja amelala, mvi zake zote nje, mguu mmoja umegusa wavu.

"Jana nilikitundika nikajiandaa kwa ugomvi," mama akaninong'oneza. "Akaingia mwenyewe, kimya. Nikafurahi, nikazima taa, nikatoka. Sijafika mlangoni, akaniita."

"Akasemaje?"

Mama akacheka, na sauti yake ikakatika katikati ya kicheko. "Akasema, mama, hujanichomekea."